Yai la Sadiki

Kuluba, Koboko
Jumapili

Dada yangu Rehema,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kifua cha mama kimetulia. Mimi mwili hauna neno, ila moyo hauna amani. Baba Sadiki yuko Juba na lori. Kila jioni naandika shajara yangu, lakini shajara haijibu, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Sadiki alivimba miguu. Nilidhani ananenepa, nikafurahi. Kumfikisha hospitali Arua, muuguzi akambonyeza mguu kwa kidole, kishimo kikabaki. Akasema uji wa muhogo unashibisha tu, haujengi mwili; mtoto amekosa protini. Alitupa chakula cha dawa, akaniagiza kikiisha nimpe yai kila siku, lililochemka likaiva vizuri.

Sasa huku kwa mama mkwe, mtoto ambaye hajaanza kusema hapewi yai. Wanaamini litamfunga ulimi. Basi nikawa nanunua sokoni, nachemsha mama mkwe akiwa shambani, maganda nayafukia. Uvimbe umeisha, anacheza. Lakini wenzake wa jirani wanaita mama zao, Sadiki kimya. Dada, nimesoma, najua yai halifungi ulimi. Hata hivyo kila asubuhi namsikiliza roho ikiwa juu. Asiposema, nitaambiwa ni mimi niliyemharibu.

Jana kuku walifukua maganda. Mama mkwe akayaokota, akaniita.

"Hii iko nini?"

Nikamweleza yote, hata kile kishimo cha mguuni. Aliyageuza maganda kiganjani. Kisha akauliza, "Iko ingine?"

Nikamletea lililobaki. Huyu mama alikuwa hajawahi kuonja yai; kwao wanawake walikatazwa. Alilimenya, akalikata katikati, akatia nusu mdomoni.

"Mimi nasemaga sana. Ulimi yangu ikifungwa, mutu gani atalia? Wewe utafurahi!"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Alitafuna polepole, kisha akamlisha mjukuu wake nusu ya pili.

Leo asubuhi ameniita kutoka mlangoni kwake: "Mama Sadiki! Mimi bado nasema!" Halafu akaja, akaketi karibu na mtoto, akainama kumtegea sikio. Sadiki bado kimya. Sasa tunamsikiliza wawili.

Nisalimie mama, shemeji mwalimu, na shangazi muuza mawese. Mtajeni mtoto katika sala zenu.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Zawadi