Kutembea na Mume Wangu

Dodoma, Jumatano

Na miguu bado imevimba kwa basi la kutoka Dar.

Ubalozini wanataka mambo mawili yanayogombana. Kwenye ombi la Baba Neema, mume wangu aliye ng'ambo, la kunihamishia kwake, ambalo bado halijajibiwa, lazima ionekane hatuwezi kuishi mbali. Kwenye viza ya kwenda kumsalimia tu, lazima ionekane naweza kabisa. Kwa hiyo jana nilikuwa mke asiyemkumbuka sana mumewe. Nikasema Neema anabaki kwa bibi yake kijijini Mvumi, nina duka la mitumba sokoni, nina mbuzi, na baridi siiwezi.

Kijana wa kizungu pale dirishani ana Kiswahili cha darasani. "Mama, unakwenda kutembea na mume wako?"

Nikacheka. "Hapana, mwanangu. Nakwenda kutembea kwa mume wangu. Wa kutembea na mume wangu ni mwanamke mwingine."

Kalamu ikasimama. "Mwanamke gani?"

Nilihangaika kumweleza kwamba hakuna mwanamke, ni lugha tu. Akaandika maneno mengi, akaniambia nisubiri majibu.

Jioni hii nimekwenda posta kumpigia simu Baba Neema, nimchekeshe. Nikaanzia mwisho, ndipo penye utamu. "Ubalozini wameniuliza unatembea na mwanamke gani."

Nikaanza kucheka mwenyewe.

Kisha akasema, taratibu, "Nani kawaambia?"