Sauti ya Boga Ndani ya Kidude

Jumatatu, 7 Machi 2005

Nimekipata! Kilikuwa sandukuni, chini ya nguo za mume wangu, Boga, ambazo mama mkwe wangu amezifungia zitolewe sadaka eda yangu ikiisha. Nilikuwa natafuta kanzu yake niinuse — aibu, lakini ndiyo kweli — mkono ukagusa kitu kigumu. Kidude chake. Ile kompyuta ndogo ya mkononi aliyopewa na mgeni wa hoteli, akawa anatembea nayo Gazi nzima kama daktari wa wilaya.

Kimewaka. Alama ya betri nyekundu. Nikakizima upesi.

Humo ndani mna sauti yake akimbembeleza Hafsa alale. Hafsa hajaanza hata kutambaa, hatamkumbuka babake hata kidogo. Picha tunazo. Sauti ni hiyo tu.

Jumanne, 8 Machi

Nimempigia Beryl. Alikuwa mapokezi ya hoteli pamoja na Boga kule Diani. Alilia kwanza. Kisha akanieleza: vidude vya namna ile betri ikifa kabisa, kila kitu kinafutika. Chaji iko wapi? Nikamwambia chaji na waya vilikuwa mkobani, na mkoba haukurudi kutoka kwenye ile ajali ya barabara ya Diani iliyomuua Boga. Jioni amenipigia tena: ameuliza maduka yote ya Ukunda. Hakuna.

Lakini ipo njia. Laptopu ya ofisini kwao ina kijidirisha cheusi ubavuni, na kidude kina chake kichwani. Vikitazamana, vinapashana habari kwa mwanga usioonekana na macho. Infraredi. Waya hauhitajiki. Atakuja Jumapili akiwa off. Nisikiguse, amesema. Nisikiwashe kabisa.

Ningekwenda mimi leo hii kwa miguu, lakini mwenye eda hatoki. Kukipa mtu akipeleke — hapana. Nimeshapoteza vya kutosha barabara hiyo.

Alhamisi, 10 Machi

Mama mkwe amejua. Bi Mbeyu hasemi sana, lakini akisema anakata. Nyumba ya msiba haipigwi redio, itapigwa sauti ya maiti? Maiti huombewa dua, hachezwi kama santuri. Nikamwambia kwa adabu, Mama, ni kwa ajili ya mtoto. Akajibu la kuvunda halina ubani, akaenda kukoka moto.

Nimekasirika. Si yeye aliyekifungia? Kilikuwa kikijimaliza sandukuni polepole, na mimi nimekaa hapa nikidhani kilipotea pamoja na mkoba. Alifungia vyote pamoja, koti, viatu, kidude, kwa heshima ya marehemu. Heshima gani hii! Lakini sikumwambia. Yeye ndiye aliyemzaa.

Ijumaa, 11 Machi

Moyo umenishinda. Wanawake walipoondoka baada ya hitima nilikiwasha. "Hafsa, Hafsa wangu, lala" — basi, nikazima. Kugeuka, Mama yuko mlangoni. Chakula cha jioni hakukigusa.

Mjinga mimi. Betri ile nimeila mwenyewe.

Jumapili, 13 Machi

Beryl amefika na laptopu aliyoiazima kwa meneja. Akatoa shikamoo kwa Kiswahili chake cha bara, Mama akaitika marahaba, akarudi kwenye ungo wake wa mchele. Ndani giza, tukatandika mkeka uani.

Tumeviweka vitazamane, shibiri moja kati yao. Hakuna kitu. Beryl akasogeza huku, akasogeza kule. Laptopu inasema haioni chochote. Alama ya betri ya kidude imeanza kumemeta. Nikaona Beryl anauma mdomo. Jua, akasema, jua linaumeza ule mwanga mdogo, tuingie ndani, sasa hivi.

Mara kivuli kikatuangukia. Mama ameweka ungo chini, amevua kanga ya begani, ameitandaza juu ya vile vitu viwili. Laptopu ikalia ti! Vimeonana. Beryl akapiga kelele, asisogee mtu, Mama usisogee tafadhali. Mama hakusogea.

Beryl akafungua orodha. Sauti ziko mbili. Moja imeandikwa Hafsa. Ya pili imeandikwa Mbeyu.

Ya pili sikuijua. Mama naye hakuijua. Ameuliza mara mbili, imeandikwa nani? Beryl akamsomea tena. Labda Boga alimrekodi Mama akiwa hana habari, wakati wa maulidi au wakati wa kupika, au labda alimwachia maneno. Hatujui. Ya jina langu haipo. Nimetazama mwenyewe, nikatazama tena.

Beryl akauliza ianze ipi, maana betri huenda isifike kwa zote. Ningesema ya mtoto, lakini nilishindwa kumtazama Mama usoni. Akasema mwenyewe: ya mtoto. Ya mtoto kwanza.

Imeanza. Mstari wa buluu unajaa pole pole, umesimama, umeendelea. Mimi nimeshika ncha moja ya kanga kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia kwa sababu nisipoandika nitapiga ukelele. Mama ameshika ncha tatu zilizobaki, moja kwa meno. Mikono imeinuliwa juu, jasho linamtiririka shingoni. Beryl alitaka kumpokea. Amekataa kwa kichwa.

Hafsa ameamka ndani, analia. Hakuna anayeweza kumwendea.

Mama ameitoa kanga mdomoni kidogo, ameuliza imefika wapi. Nimemwambia inakwenda, Mama. Sasa ameuliza tena. Nimemwambia bado inakwenda.

Mstari haujasogea tangu alipouliza mara ya kwanza. Beryl amenitazama, kisha amekitazama kidude. Naweka kalamu chini niishike kanga kwa mikono miwili.