Pepo wa Matundu Manane

Sefu, wallahi hili la leo sikulitia chumvi hata punje.

Unakijua kile kisanduku changu cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta? Kina matundu mawili tu. Mimi nataka cha manane, zumari na ngoma zote ziingie pamoja. Mke wangu Mwanaima hataki kusikia: "Hiki kina ubaya gani?"

Nikamwambia kimeingiwa na pepo. Na pepo akitaka kitu, si hupewa?

Nikajifungia chumbani na maikrofoni, yeye yuko ukumbini penye spika. Nikanguruma: "Natakaaa kisanduku kipyaaa! Matundu mananeee!"

Mwanamke hakushtuka! Nikamsikia mlangoni, kwa adabu zote: "Shikamoo babu pepo. Utapata. Cha rangi gani?"

"Chekunduuu!"

"Na dawa ya presha umeshakunywa?"

"Bado, mama Husna."

Bado, mama Husna! Sefu, pepo gani anajibu hivyo?

Alicheka mpaka majirani wakaja. Kisha akaamuru pepo apungwe: nikune nazi zote za wali wa maulidi wa kikundi chake.

Nakuandikia nimekalia mbuzi ya kukunia, vidole vimejaa chenga za nazi. Zimebaki nazi kumi na nne, na kisanduku ni kile kile.