Rangi Nyeupe Juu ya Nta

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa kaka yako.
Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limeacha ukaidi. Uliandika kwamba siku hizi unapanda ngazi za kazini kwa kushika ukuta. Je, ulikwenda kwa daktari, au bado unamsubiri apite mlangoni kwako? Na mzee wako hajambo? Bado anabishana na redio?

Sisi huku hatujambo. Baba kikohozi kimemwachia, kwa hiyo kelele zake zimerudi. Mama anashukuru sana kwa miwani, ingawa anaivaa juu ya kichwa tu, na akitaka kusoma ananiita mimi. Mwili wangu ni mzima. Roho ndiyo imenichafuka, Shangazi, na imechafuka tangu juzi.

Uliomba picha ya "yule msichana wangu" ukawaonyeshe wenzako kazini. Humu ndani hakuna picha. Nitakueleza sababu.

Unakumbuka nilivyokuandikia kuwa makumbusho yetu yanaandaa maonyesho kuhusu watu wa kale wa Bahari ya Mediterania, Wagiriki na Warumi na majirani zao, pamoja na mihadhara ya wazi kila Ijumaa jioni. Mimi nilipewa sanamu moja, nakala ya plasta ya msichana aliyesimama na komamanga mkononi. Sanamu yenyewe ya asili ni ya marumaru, iko mbali sana, na zamani ilisimama juu ya kaburi lake. Watu wengi hudhani sanamu za namna hiyo zilikuwa nyeupe tangu mwanzo. Hazikuwa. Nyingi zilipakwa rangi, ila jua, mvua na miaka vikazivua. Kwenye mikunjo ya gauni la huyu bado kuna punje za wekundu, na nyuma ya sikio kuna hudhurungi kidogo. Kazi yangu ilikuwa kumrudishia vyake.

Nilitumia nta. Unaiyeyusha, unaikoroga na rangi ya unga, unaipaka ingali moto kabla haijaganda kwenye brashi. Karakana nzima ilinukia mzinga wa nyuki. Siku moja Baba alikuja kuona ninachofanya. Alimzunguka yule msichana kimya, mikono mgongoni, kisha akasema, "Huyu ana macho ya dada yangu akiwa amekataa kula." Nilicheka mpaka brashi ikanidondoka. Lakini alisema kweli, na tangu siku hiyo kila nikifungua mlango asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Shangazi." Usinicheke.

Wiki ya ufunguzi akaja mwenyekiti wa kamati ya wafadhili. Ni mtu anayetembea kama vile sakafu imetandazwa kwa ajili yake. Akasimama mbele ya sanamu, akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule.

"Hii ni sanamu ya Kigiriki au mwanasesere wa dukani?" akauliza. "Na mbona mweusi hivi? Huyu si binti wa jirani?"

Mkurugenzi wetu, ambaye siku iliyotangulia alikuwa amemwita mkewe aje ashangae, alitoa kile kicheko chake cha kukohoa. "Hata mimi niliona imezidi, mheshimiwa."

Aliona! Nilimtazama usoni nikitafuta walau dalili ya aibu. Hapakuwa na kitu. Uso ulikuwa umepigwa pasi.

Mkurugenzi akaamuru apakwe rangi nyeupe. Nikamwambia, mzee, rangi ya maji haishiki juu ya nta, itabanduka. Akanijibu mbele ya watu, "Wewe msomi wetu una maneno mengi. Kuta zote humu zimeshika, yeye asishike ana nini?"

Nilikataa kuipaka. Wakaitwa mafundi waliokuwa wakimalizia kuta za ukumbi, wakaja na brashi zao pana. Mmoja akasita alipofika usoni. "Macho nayo, bosi?"

"Macho nayo."

Nilisimama pale na aproni mkononi nikitazama, Shangazi. Waliposhuka kwenye ngazi, pale palibaki kitu kama mshumaa.

Sasa sikia. Mhadhara wa Ijumaa ulikuwa wangu, na nilikuwa nimeuandaa kuhusu rangi walizozipenda watu wa kale. Mkurugenzi akaubadilisha jina, ukawa "Weupe na Utulivu", akanipa karatasi zilizokwisha kuandikwa. "Soma vizuri tu, mwanangu," akasema. "Barua yako ya ajira ya kudumu iko mezani kwangu, inasubiri kalamu." Unamjua kaka yako. Habari za hiyo ajira alikuwa ameshampa kinyozi, na akijua kinyozi, mtaa mzima umejua.

Nikasoma. Nakuambia wewe kwanza kwa sababu kumwambia Baba bado nakusanya nguvu. Nilisimama kando ya yule msichana mbele ya ukumbi uliojaa, nikasoma kwamba weupe wa marumaru ulikuwa kioo cha akili iliyotulia. Sauti yangu ilikuwa nzuri, haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia kinyaa. Nilikuwa najisikia kama mtu anayesikiliza jirani mnafiki kupitia ukutani.

Mkurugenzi alikuwa ameongeza taa kubwa mbili ili weupe ung'ae. Taa zile zilikuwa na joto la jiko. Nilipofungua ukurasa wa pili nikasikia kitu kimedondoka, sauti ndogo kama ukucha ukigonga meza. Kisha kingine. Nikageuka. Chini ya ule weupe nta ilikuwa inalainika, na rangi ilikuwa inapasuka na kujikunja kama ngozi ya maziwa. Shavu likaanguka. Likafuata kope. Jicho likatokea.

"Jamani, anatutazama!" akapiga kelele mama mmoja wa mstari wa mbele.

"Zimeni hizo taa!" mwenyekiti akafoka. Kila mtu akamtazama mwenzake, maana hakuna aliyejua swichi iko wapi.

Niliweka karatasi chini. Nikawaambia gauni lake lilikuwa jekundu na ngozi yake hudhurungi, na kwamba alikufa msichana, na waliomzika walitaka kila mpita njia amwone alivyokuwa. Nikawaambia kilichoanguka sakafuni ni uongo, na nilichokuwa nawasomea pia ni uongo. Nikasubiri kuzomewa au kutolewa nje. Niseme ukweli, Shangazi, nilikuwa tayari. Kwa mara ya kwanza wiki ile nilikuwa navuta pumzi vizuri.

Wakapiga makofi.

Walisimama wote wakapiga makofi, maana walidhani ni mchezo tuliouandaa. Kabla sijashuka jukwaani mkurugenzi alikuwa ameshanyakua kipaza sauti. "Kama mlivyojionea, ndugu wageni, hapa kwetu historia hujivua yenyewe!" Na mwenyekiti, yuleyule wa binti wa jirani, akaja kunipa mkono, akaushikilia kupita kiasi. "Hongera sana, dada. Mmetupata kweli! Na ulivyousoma ule upuuzi kwa uso mkavu, nikasema huyu ana kipaji."

Upuuzi wao wenyewe! Niliusoma kwa woga wangu mwenyewe, nao wakaupigia makofi kama sehemu ya burudani. Hata nafasi ya kuaibika wamenipokonya. Nilikwenda kunawa mikono chooni, nikanawa, nikanawa, mpaka sabuni ikawa kipande cha kupenya vidoleni.

Jana asubuhi mkurugenzi aliniita ofisini. Mezani palikuwa na barua ya ajira, imeshatiwa saini, na kando yake kopo jipya la rangi nyeupe. Alikuwa anasugua viganja kama mtu aliyekaribishwa mezani.

"Kila Alhamisi tunampaka," akasema, "kila Ijumaa anabanduka. Watu watapanga foleni. Wewe usibadilishe kitu, uso uwe uleule mkavu."

Nikamuuliza, "Na yeye?"

"Yeye nani?"

Nikamwonyesha kupitia mlango ulioachwa wazi, kule ukumbini. Akatazama. Akanitazama mimi. Hakuwa anajifanya, Shangazi, alikuwa haelewi kabisa. "Yule wa plasta?" akaniuliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

Matusi ya mwenyekiti niliweza kuyameza. Ule upole haukupita kooni.

Nikaiweka barua juu ya kopo, na ufunguo wa karakana juu ya barua. Kisha nikaenda kwa yule msichana na kitambaa laini nikamfuta weupe uliobaki shingoni na kwenye komamanga. Alhamisi watampaka tena, na Ijumaa watapata mtu mwingine wa kusoma. Siwezi kuwazuia. Ninachoweza ni kutokuwepo.

Baba bado anadhani nina mapumziko ya mwisho wa wiki. Nikishaifunga bahasha hii nitatoka uani nimwambie, kabla hajaenda kwa kinyozi. Sikuombi unitetee. Ila akikupigia simu kulalamika, na atapiga, mkumbushe kwamba yale macho aliyatambua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, na kwamba anajua tangu utoto wenu hayashawishiki kwa kijiko.

Badala ya picha nimekuwekea kipande cha rangi nilichookota sakafuni, nimekikunja ndani ya karatasi laini. Kifungue taratibu. Upande wa juu ni mweupe mtupu, kama ukuta wowote. Kigeuze. Utaona umbo la nyusi, na hudhurungi kidogo ya nta iliyong'ang'ania.

Nisalimie sana mzee wako, mwambie redio haitamjibu. Wasalimie mapacha, na yule jirani yako Mama Maua aliyenishonea sketi. Mama anakusalimu, na Baba pia, ingawa sijui kesho atakuwa anatusalimu mimi na wewe kwa sauti gani. Mungu alilegeze goti lako, na akupe watu wanaokuona ulivyo.

Ni mimi nikupendaye bila kupakwa chochote,
Binti wa kaka yako,
Kidomo