Mume Wangu Ataka Niapie Rifu Iliyotoka Kinywani Mwangu

Bi Rael, pokea salamu zangu kutoka Faza. Barua hii nimeichana mara mbili na hii ya tatu naituma kabla sijaisoma tena, kwa sababu Jumatatu natakiwa nivuke kwenda Amu, mjini Lamu, kwa wakili nikaapie jambo ninalojua si kweli, na anayenitaka niape ni mume wangu, ambaye nampenda, na ambaye naona yeye mwenyewe ameshaamini kwamba ni kweli.

Mume wangu, nitamwita Uthman (majina yote ya watu humu, hata langu, nimeyabadilisha), ni fundi wa pikipiki. Kazi ikiisha huoga, huvua ovaroli yenye mafuta na kushika gitaa lake la umeme, maana yeye na wenzake wawili wana bendi ya roki. Mmoja ni Patroba, mwalimu wa hesabu kutoka bara anayepiga dramu, na mwingine ni Kiptoo wa ofisi za serikali anayepiga besi. Mtaa wetu haukuzipenda kelele hizo, basi hufanyia mazoezi nyumbani kwa mwalimu, na mara moja kwa mwezi huenda Mokowe wakapiga ukumbini Jumamosi mchana. Wana wimbo wao mmoja unaoitwa "Kutu", na watu hawaupendei maneno yake, wanaupendea kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Wao wenyewe wanakiita rifu. Ukikisikia mara moja, siku nzima kiko nawe.

Sasa sikiliza kilipotoka. Miaka miwili iliyopita, wakati wa masika, mwanangu Barka aliumwa sikio siku tatu, akawa halali mpaka nimbebe, nami nikawa natembea naye kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, namvumia kwa pua, bila maneno. Uthman alikuwa ameketi mkekani na gitaa halijaunganishwa na umeme. Akaniambia, "Hebu rudia." Nikarudia. Akatafuta kwenye nyuzi, akakosa. "Hapo mwisho unapanda au unashuka?" Nikamwambia nashuka. Barka alipopata usingizi, baba yake alikuwa amekishika chote, akacheka kwa furaha, akanibusu kichwani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Bi Rael, sikuongeza wala sikupunguza.

Siku ya kwanza walipopiga "Kutu" Mokowe nilikaa nyuma na wanawake wenzangu wawili, nikasikia ukumbi mzima unavuma kitu changu, nakiri nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, lakini sikumwambia mtu, hata huyo mwenye gitaa.

Miezi mitatu iliyopita kundi moja la Nairobi likatoa wimbo, na mpiga gitaa wao, aitwaye Kamau, anaanza na rifu ileile. Mteja ndiye aliyemsikilizisha Uthman kwenye simu. Alisikiliza mara moja, akaweka spana chini, akafunga kazi.

Jioni ile Patroba alikuja nyumbani kumtuliza. "Bwana Uthman," alimwambia, "roki yote ndivyo ilivyo. Wewe ulijifunza gitaa kwa nini? Kwa kuiga vidole vya wengine. Mtu anasikia kitu, kinamkaa mkononi, miaka miwili baadaye kinatoka na anadhani ni chake. Tunaazimana tu."

"Ukiazima jembe, kesho walirudisha," Uthman akamjibu. "Rifu wairudishaje? Huyu ni mwizi, na nti nzima itajua."

Mimi nilikuwa namimina chai. Nikaimwaga kwenye sinia.

Hataki pesa, anataka Kamau atamke hadharani kwamba alichukua. Wakili amemwambia alete hati ya kiapo ya mtu aliyekuwepo rifu ilipotungwa. "Ni wewe tu uliyekuwepo," Uthman akaniambia. "Utasema uliniona nikiitunga, basi." Nikamuuliza kwa upole kama anakumbuka siku yenyewe, kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikivuma. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Ulikuwa wabembeleza mtoto, Huwaida. Kubembeleza mtoto si kutunga muziki. Wewe hata nyuzi huzijui majina."

Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo. Sijui kama amesahau au amejisahaulisha.

Halafu nikaanza kujiogopa na mimi. Je, nilikitoa wapi? Mama yangu yuko Siyu, na alipokuwa akisuka ukili wa mikeka alikuwa na tabia ya kuvuma hivyohivyo. Nikampigia simu, nikamvumia. Akasema, "Hiyo si yangu, mwanangu. Yangu yapanda mwisho, hiyo yako yashuka. Imeshika ndia yake." Basi ni yangu, au ni yake niliyoiharibu, au si ya yeyote?

Nikikataa kuapa, nitakuwa nimemwacha mume wangu peke yake mbele ya watu. Nikiapa, nimemtaja Mwenyezi Mungu kwa uongo. Nikisema ukweli wote, kaka zangu wa Siyu, ambao gitaa hawalitaki hata kulisikia, watajua kwamba kinachochezewa Mokowe ni sauti ya dada yao. Kulala nalala, lakini naamka nimechoka. Je, mume wangu ni mwizi? Nami ni mwizi kwa mama yangu? Niambie la kufanya kabla ya Jumatatu.

Mke wa mpiga gitaa, Faza


BI RAEL ANAJIBU

Dada yangu wa Faza, usiape. Nimeliweka hilo mbele ya yote ili, kama boti imeshaanza kupakia, ujue msimamo wako.

Barua yako imenihuzunisha, na pia imenikasirisha, na hasira yenyewe naigawa mara mbili. Ya kwanza ni yako. Miaka miwili umekaa nyuma ya ukumbi na furaha yako umeifunika. Siku ile ya kwanza ungemwambia "hicho changu, bwana", mngecheka wote wawili, na leo angekuwa analisimulia kila mahali. Ulinyamaza, naye akakizoea, na kitu mtu akikizoea huona alizaliwa nacho. Usimbebeshe yeye mzigo wote wa kusahau.

Ya pili ni ya mumeo. Anamwita mtu wa Nairobi mwizi, na papo hapo anamwambia mkewe kwamba kuvuma si muziki. Kama si muziki, yeye alikuwa anatafuta nini kwenye nyuzi siku ile?

Umeniuliza kama mumeo ni mwizi, na kama wewe ni mwizi. Mimi gitaa nalijua la kwaya tu, kwa hiyo nilimpigia mpwa wangu anayepiga roki Eldoret. Alicheka sana. Aliniambia kila rifu anayoijua aliipata kwa mtu, na nyingine aliipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu, na wapigaji hawagombani kwa sababu ya kuchukuliana. Wanagombana pale mmoja anapoulizwa "umeitoa wapi?" akajibu "kichwani mwangu".

Nimelitafakari jibu la kijana huyo siku mbili na nimelikubali. Mama yako alivuma chake. Wewe ukakishusha mwisho kwa sababu ulikuwa unamlaza mtoto anayeumwa, na hapo kikawa chako, mama mwenyewe amekuambia. Mumeo akakitia umeme, na hilo si jambo dogo, wewe usingeliweza. Hakuna aliyevunja mlango wa mtu. Alipokuambia urudie alikuwa anaazima, na alijua anaazima kwa nani. Aliposema hukutunga kitu, hapo aliiba. Na Kamau je? Hatujui, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Ameshahukumiwa Faza naye hana habari.

Sasa fanya hivi. Mwambie mumeo kabla ya Jumapili, mkiwa wawili tu, Patroba asiwepo. Usibishane naye nani mtunzi, hapo hamtafika. Mwambie, "Siwezi kuapa kwamba nilikuona ukitunga peke yako, kwa sababu sikuona hivyo." Useme mara moja, uishie hapo. Akifoka, mchukue Barka uende Siyu kwa mama mpaka apoe. Akitulia, mwambie ampigie Kamau mwenyewe, amuulize kama mpiga gitaa anavyomuuliza mwenzake, wakili akae pembeni. Na kuhusu kaka zako, ukweli unaotakiwa ni wa ndani ya nyumba yenu. Jina lako kutajwa Mokowe au kutotajwa ni uamuzi wako, si wa mume wala wa kaka.

* * *

Jibu hilo nilimsomea dada huyu kwa simu siku ya Ijumaa, maana gazeti lingetoka kiapo kimeshapita. Wiki mbili baadaye alinitumia ujumbe huu, na ameniruhusu niuchapishe pamoja na barua yake.

"Bi Rael, nilimwambia Jumamosi baada ya alasiri. Hakufoka. Alisema, 'Basi nitakwenda peke yangu,' na mpaka Jumatatu hatukusemezana ila habari za mtoto. Akapanda boti ya asubuhi. Yaliyotokea huko amenisimulia mwenyewe. Wakili alimwambia aeleze jinsi alivyoitunga, hatua kwa hatua, ili aandike. Akaanza: mvua inanyesha, mtoto anaumwa sikio, mke wangu anatembea naye huku anamvumia. Wakili akainua kalamu, akamuuliza, 'Anamvumia nini?' Hapo Uthman akamwomba wakili asiandike tena, akatoka.

"Akampigia Kamau kutoka gatini, akamuuliza kaitoa wapi. Kamau hakuficha. Alisema mwaka jana alikuwa Mokowe anasubiri boti, akaisikia kwenye simu ya mwendesha bodaboda, akadhani ni ya zamani ya pwani isiyo na mtu. 'Kwani ina mwenyewe?' akauliza. Uthman akamwambia, 'Inaye. Ni mke wangu.'

"Jina langu sikutaka litajwe. Kamau ameandika chini ya wimbo wake kwamba rifu hiyo imetoka kwa mama mmoja wa Faza, na kwamba aliyeipiga kwanza ni bendi ya Uthman. Maandishi hayo nayasoma kila siku. Kaka zangu hawajui kitu. Uthman hajaniomba msamaha, lakini juzi Patroba alipitia nyumbani akamkuta anapiga kitu kipya, kizuri, akamuuliza kakitoa wapi. Akajibu bila kuinua kichwa, 'Kwa Kamau. Nimemuomba.'"

Huwaida, nimefurahi nawe. Lakini hapo penye msamaha umepapita haraka, kama mtu anayepita penye tope akiwa amekunja nguo. Rudi hapo. Mwambie Uthman unautaka, kwa sauti yako ya kawaida, yeye akiwa ameketi na gitaa liko chini. Halafu kaa umsubiri, usimsaidie maneno.