Umeniachia Karanga, Wao Wakaniongezea Fimbo

Mama Zuhura,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo halafu nikakaa nikiisubiri marahaba yako, ile ndefu uliyokuwa ukiivuta huku unanikagua viatu kama vina vumbi. Vina vumbi, Mama. Tangu tukuzike Kondoa nimechakaa mwenyewe, seuze viatu.

Nakuandikia kwa sababu nina hasira na sina wa kumwambia. Nimemkasirikia mkuu wa shule, nimejikasirikia mwenyewe, na usinione sina adabu, hata wewe nimekukasirikia. Naanza na wewe kwa kuwa huwezi kunijibu.

Umewashauri watoto pale shuleni miaka mingi kuliko niliyofundisha mimi, na hukuacha hata daftari moja. Mwaka wangu wa kwanza nilikuuliza mbona huandiki, ukaniambia, "Siri ya mtoto haiwekwi kwenye daftari la shule, mwanangu. Daftari la shule lina miguu." Nilicheka sana siku ile. Sasa sicheki. Umeugua siku nne tu ukaenda na siri zote, hata nafasi ya kuninong'oneza yupi nimwendee taratibu hukuipata. Nilikuwa naona ungo wako na karanga zako, naona watoto wanaingia na kutoka, nikadhani nimejifunza kazi.

Chumba chako kimechukuliwa. Arobaini haijafika, wakaleta viti vibovu wakavipanga hadi darini, wakatia kufuli. Mlangoni bado kimebandikwa kile kibao cha "Ushauri na Unasihi", na mgeni akija kukagua anaonyeshwa mlango, anaitikia kwa kichwa, anaandika. Hakuna aliyewahi kuomba ufunguo.

Halafu tukaitwa semina ya afya ya akili huko mjini. Tukaelezwa mambo mazuri, sikatai, na mengi ulikuwa ukiyafanya bila kuyapa majina. Mwisho tukapewa fulana za njano zenye maandishi mgongoni: ZUNGUMZA, TUNAKUSIKILIZA. Kesho yake mkuu akasimama paredi, akatangaza mbele ya shule nzima kwamba mwenye tatizo la kisaikolojia abaki mstarini baada ya wengine kutawanyika. Hakubaki hata mmoja. Akanigeukia kwa furaha akasema, "Unaona? Shule yetu haina tatizo hilo."

Ningeishia hapo ningekuwa nakusimulia vichekesho tu. Kibaya kilikuwa barua yangu ya kazi. "Mwalimu wa Nidhamu na Unasihi." Muhuri mmoja, saini moja. Nilimuuliza mkuu itakuwaje, akasema zote mbili ni kazi za tabia, na walimu wa kike tuko wachache, wasichana wakichelewa nani awachape? Nikasema asante. Ndiyo, Mama, nilisema asante. Nilifurahi kuona jina langu kwenye karatasi yenye muhuri. Ungekuwepo ungenisonya hadi nikaikunja barua ile nikairudisha.

Sauda unamkumbuka. Yule wa kidato cha pili anayetembea kutoka Ihumwa, sketi imefungwa kwa pini. Kila Jumatano alikuja kwako, anakaa chini, anamenya karanga, anaondoka bila neno. Wiki ya tatu nilitaka kumwuliza, ukanibana mkono ukaniambia, "Usimuulize. Mpe ungo." Ulisema mtu akimenya karanga hana haja ya kukutazama usoni, na asiyetazamwa ndiye husema. Siku moja nilipita nikasikia anasema. Nikaendelea na safari yangu, kama ulivyonifunza.

Baada ya mazishi alikuja kwangu mara mbili. Chumba hakipo, kwa hiyo tulikaa nyuma ya maabara, kando ya simtanki la maji, mimi na ungo wako na zile karanga ulizoleta mara ya mwisho kutoka shambani kwenu. Hakusema kitu. Na mimi sikumuuliza. Nilijiona hodari kweli.

Jumatatu moja nilikuwa getini na wachelewaji. Upepo ulikuwa unatupiga mchanga machoni, nina vipindi sita siku hiyo, madaftari ya kusahihisha yamenifika kidevuni. Wasichana wamepanga foleni wametoa viganja. Unajua inavyokuwa, unafika mahali unaona viganja tu, huoni wenyewe. Nikachapa, nikachapa. Kiganja cha mwisho kilikuwa na wekundu wa maganda ya karanga kwenye kucha. Nimekitambua nikiwa nimeshamaliza fimbo ya tatu.

Akasema, "Asante, mwalimu," kama wanavyosema wote. Akapita.

Nilikuwa nimevaa ile fulana ya njano, Mama Zuhura.

Jumatano hakuja. Jumatano ya pili hakuja, na Alhamisi hata darasani hakuwepo. Nilipouliza wenzake wakatazama chini. Mwalimu wa darasa alikuwa ameshamwandika mtoro, na unajua jina likikaa kwenye orodha ile linakoishia. Mtoto anafutwa shule na kila mtu anaona ni haki.

Jumamosi nikabeba karanga nusu kilo nikaenda Ihumwa kuuliza nyumba kwa nyumba. Nikamkuta uani anafua. Baba yake ni fundi ujenzi kule Mtumba, anatoka alfajiri. Mama yake alikuwa ndani, amekaa ukutani, kanga imemteleza bega na hana habari nayo. Nilimsalimia mara mbili. Hakuitika. Mwanamke aliyenionyesha nyumba alishanieleza: tangu alipompoteza mtoto mchanga mwaka jana yuko hivyo, na Sauda hatoki nyumbani mpaka amlishe uji na jirani afike kukaa naye. Jirani akichelewa, Sauda anachelewa. Hayo ndiyo aliyokuwa akikusimulia wewe, sivyo? Ulikuwa unajua. Na getini ulikuwa unampitisha tu, ukisema umemtuma dukani, sisi tunakulaumu chinichini kwamba unawadekeza watoto.

Neno moja, Mama. Ungeniambia neno moja tu: huyu usimguse. Nimelia njia nzima kwa ajili ya neno hilo. Lakini najua pia kwamba sikupaswa kuhitaji kuambiwa.

Nilikaa chini nikaanza kumenya. Baada ya muda akaja akakaa, mikono ina povu. Nilimwomba msamaha bila kumtazama. Akaanza kumenya naye. Tulikaribia kumaliza ndipo akauliza, taratibu, hana hasira hata kidogo: "Mwalimu, Jumatano ukija na karanga, ile fimbo utakuwa umeiacha wapi?"

Nimesoma chuo, nimekaa semina, na swali hilo sikuwahi kuulizwa.

Jumatatu nikaipeleka fimbo ofisini, nikaiweka mezani kwa mkuu pamoja na ile barua ya muhuri. Nikamweleza kwamba jina la Sauda litoke kwenye watoro, mama yake apelekwe hospitali, na mimi nichaguliwe kazi moja. La kwanza alikubali. La pili, akasema ni la familia. Nikaenda mwenyewe kumtafuta baba, na wiki iliyopita tulimpeleka mama pamoja. Amepewa dawa na tarehe ya kurudi. Kuhusu la tatu, unajua alivyojibu? Nibaki na nidhamu, unasihi apewe mwalimu wa michezo, kwa sababu nidhamu ndiyo inayokaguliwa. Nikamwambia fimbo sishiki tena, na karanga siachi, aandike anavyotaka. Ameandika. Barua ya kunitaka nijieleze ninayo hapa chini ya hii, nina siku saba. Huenda wakanihamisha. Sijui, na siwezi kukudanganya kwamba siogopi.

Jana ilikuwa Jumatano. Nilikaa nyuma ya maabara tangu kengele ilipolia. Nimeshakata tamaa, naanza kukusanya maganda, nikaona kivuli chake kwenye simtanki. Hakukaa. Alitazama mikono yangu kwanza, huu na huu, kisha akatazama nyuma yangu ukutani. Alipoona hakuna kitu, akachota karanga chache, akamenya akiwa amesimama, akaondoka.

Pumzika, Mama Zuhura. Mungu akulaze pema. Hasira yangu kwako imeisha nikiwa naandika, ya wengine bado ninayo na nitaitumia. Ungo wako nitakwenda nao popote watakaponipeleka. Lakini maadamu bado nipo hapa, nakuahidi kwamba kila Jumatano atanikuta nimekaa pale pale, na mikono yangu iko wazi aione kabla hajafika.

Mwanao,
Mwalimu Chiku