Goti la Mzee Cheko

Paskalina,

Mama yako alikuja dukani siku ya mnada, ameshika ule mkoba wako wa kwaya, akaniambia anataka kukusikia. Hakusema kukuona. Picha zako anazo, amezibandika zote ukutani kule kwenu Nambis, mpaka ile uliyofumba macho. Alitaka sauti. Simu yako ina neno la siri uliloondoka nalo, na ile rekodi ya kwaya mnaimba wote kwa pamoja, anakutafuta katikati ya mabesi na hakupati. "Rukia," akaniambia, "ninyi mlikuwa mnarekodi mambo yenu. Niwekee nimsikie."

Nikajifanya napanga karatasi. Wewe unajua kwa nini. Sauti yako pekee niliyonayo, wewe mwenyewe bila mtu mwingine, ni ya zimwi.

Tangu tukuzike sikuwa nimelifungua gemu letu. Kompyuta naitumia kwa kazi za duka: natoa fotokopi, nachapa mitihani, naandikia watu barua za kuomba kazi. Lile folda lilikuwa palepale pembeni, na mimi nikipitisha mshale mbali nalo kama mtu anayekwepa matope. Kiti chako pia kipo. Wateja wanakikalia, nitawakatazaje? Ila wakinyanyuka nakirudisha pale ulipokuwa unakiweka, kimeegemea ukuta, na boksi la karatasi mbele yake la kuwekea miguu. Dongobesh ina watu, Paskalina, magari yanapiga honi toka asubuhi, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumwambia "njoo uone" nikichora kitu kikakaa vizuri. Nilidhani upweke ni kulia. Kumbe ni kukosa mtu wa kumwambia njoo uone.

Unalikumbuka banda la video? Watu wakisubiri mpira uanze, mwenye banda alikuwa anaweka kanda ya katuni za kale. Nyeusi na nyeupe, picha inatetemeka, mikono na miguu inanesa kama mpira wa kumwagilia bustani, glavu nyeupe, macho makubwa kama sahani. Yule mmoja alikanyagwa na treni akawa bapa kama chapati, akainuka, bado anatabasamu. Banda zima lilicheka. Wewe ulinifinya mkono ukaninong'oneza, "Huyu mbona haachi kucheka?" Tukatoka nje, tukaukosa na mpira wenyewe. Gemu letu lilianzia pale, ingawa ilibidi kwanza tukue, na mjomba anunue kompyuta ya duka.

Mimi nikachora, wewe ukaandika zile amri ulizojifunza chuoni ambazo mpaka leo nazisoma kama uchawi. Mashine ya kusaga iliyotelekezwa, giza, unga mweupe sakafuni, na mchezaji ametumwa na mama yake kufuata debe la unga. Ndani anaishi Mzee Cheko, anayekusubiri kila mlango, kofia kichwani, fimbo mkononi, meno yote nje. Nilikuwa nimemchorea viwiko na magoti, ukanifutisha. "Asiwe na kiungo hata kimoja," ukasema. "Akikunja goti tu, watu watamzoea."

Sauti ukaitoa wewe. Nani mwingine? Mwalimu wa kwaya alikuondoa kwa wasichana akakusimamisha na wanaume, na wanaume nao wakalalamika unawafunika. Uliingiza kichwa kwenye simtanki tupu la maji pale kwenu, mimi nikashika simu, ukanguruma mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Nilijikojolea kidogo kwa kucheka, na ukawatangazia watu. Hilo sijakusamehe.

Halafu tukawaita wanafunzi wa sekondari waje kujaribu, na wote wakafa mlango wa kwanza. Tulidhani umekosea amri mahali. Kumbe walikuwa wanamwona mzee, wanasimama. Hakukimbia hata mmoja. Yule binti wa Endasak alisema kabisa kwa mdomo, "Shikamoo babu," huku anamezwa. Sisi tulikuwa tumetengeneza zimwi, tukasahau kwamba tumelivisha uzee, na huku kwetu mzee hapitwi hivihivi. Ndipo ukaweka kitufe cha kuamkia. Ukimwamkia, anajibu "Marahaba" kwa sauti ya simtanki, anakupisha. Usipomwamkia, anakumeza.

Kilibaki kitu kimoja, mwisho wake. Mimi nilitaka mashine iwake imsage. Wewe ukakataa katakata. "Mtu umemwamkia kila mlango, halafu umsage? Subiri, nitakuja na jibu." Ukaenda Nambis na kikohozi, ikawa homa ya mapafu, na jibu hukuja nalo.

Basi siku ile ya mnada nilimkalisha mama yako kwenye kiti chako. Nilimweleza yote, kwamba atakachosikia kinatisha, kwamba asishtuke. Akasema, "Nilikuwa namwamsha kwenda shule, nimeshasikia makubwa zaidi." Nikamwonyesha vitufe vya mishale. Alikuwa anabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama anaonja mboga ya moto. Akaingia kwenye mashine, akaukanyaga unga, na Mzee Cheko akatokea na kunguruma.

Mama yako hakushtuka. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza mpaka mwisho. "Ni yeye," akasema. "Ana mafua, lakini ni yeye."

Nikamwambia abonyeze kitufe cha kuamkia, upesi, asije akamezwa. Akaurudisha mkono wake mapajani.

"Nimwamkie? Huyu nimemzaa mimi."

Akamezwa. Nikaanza upya, akamezwa tena. Nilimbembeleza nikamwambia mama, ni mchezo tu, bonyeza. Hakubonyeza. Kila akimezwa machozi yanamtoka, na kila ukinguruma anasogea karibu na kioo. Mwisho akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akanishika bega. "Mfundishe adabu kwanza," akasema. "Akishajua mimi ni nani, nitarudi." Akaondoka kuwahi gari.

Nilikaa pale nimekasirika. Nilikukasirikia wewe, kusema kweli. Umeniachia mzee asiye na mwisho, na mama anayedai salamu kutoka kwa mtu aliyekufa. Ningeitoa wapi? Ungekuwepo ungesema tu neno, tungerekodi, tungekunywa chai. Nililia kwa kelele mpaka mteja wa fotokopi akageuka mlangoni akaondoka na karatasi zake.

Ndipo nikaikumbuka ile rekodi iliyoharibika.

Mama yako alikuwa ametoka kwenda shamba kabla hujaamka, siku ile ya simtanki. Akarudi na majani ya ng'ombe kichwani wakati wewe umo katikati ya kunguruma. Nikakugusa bega, mama huyo. Mtu mwingine angenyamaza. Wewe hukutoa hata kichwa nje, na hukuwa na muda wa kubadilisha sauti. Ngurumo ikakatika, na kutoka ndani ya tanki zimwi likasema, "Shikamoo mama." Naye akajibu, "Marahaba. Na huyo mwanaume aliyemo kwenye tanki langu ni nani?" Ulitaka tuifute. Nilikataa, sijui kwa nini, labda kwa sababu ilinichekesha.

Nikafungua folda la rekodi. Sitakuambia ilikuwaje kukusikia unavuta pumzi kabla ya kunguruma, hiyo ni yangu. Rekodi ilikuwepo. Jibu la mama yako nililikata, nilitaka alitoe mwenyewe.

Kazi ilikuwa mwili. Mzee Cheko hakuweza kuamkia. Alikuwa na tabasamu, fimbo na miguu ya mpira, na mpira ukiukunja unapinda tu, haupigi goti. Nikachora na kufuta. Nilijua ulivyosema, na naomba unielewe, Paskalina, nilikuvunjia amri yako. Nilimchorea goti, moja tu, la mguu wa kulia. Kwenye mlango wa mwisho anavua kofia, tabasamu linashuka, mdomo wake unafunga kwa mara ya kwanza, goti linakunjika. Zile amri zako nilizinakili mstari kwa mstari kutoka mlango uliotangulia, nikaharibu, nikarudia, mpaka ikakubali.

Mama yako alirudi. Milango ya mwanzo nilimpitisha mimi, nikawa namwamkia kwa niaba yake, akakubali kwa sababu mimi na wewe ni rika moja na akaona ni utani wetu. Mlango wa mwisho nikamwachia. Mzee Cheko akatoka gizani, akavua kofia, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

Mama yako akaweka kiganja chake juu ya kioo, pale penye upara wa mzee. "Marahaba, mama," akasema. "Marahaba, mwanangu." Mlango ulikuwa umefunguka, debe la unga linaonekana kabisa, na yeye hakupita. Alikaa nawe pale mpaka wauza mitumba wakaanza kukunja maturubai. Sikuzima.

Kwa hiyo gemu limeisha, na jibu ulikuwa umeshalitoa ukiwa ndani ya tanki. Nakuahidi litatoka hivyohivyo. Watu wakiniambia nitafute sauti nyingine iliyo safi, nitawaambia hii ndiyo safi. Wanafunzi wameshajaribu. Kila mmoja anaitwa mama, wavulana kwa wasichana, wanacheka, halafu wanasogea karibu na kioo.

Ila mimi sina changu humo. Rika hawaamkiani shikamoo, na tulivyokuwa tunasalimiana sisi hatukurekodi, nani angerekodi? Nikibaki peke yangu naenda mpaka mlango wa mwisho, unanipigia goti, na siwezi kuitika kwa sababu salamu si yangu. Nasimama tu. Halafu nakisogeza kiti chako ukutani na kukuambia, "Vipi wewe."

Lala salama, rafiki yangu. Boksi la miguu silitoi.

Rukia